Utekelezaji Unaendelea

Mwenyekiti wa halmashauri aligeuza ukurasa, akasogeza miwani, akasoma: "Namba kumi na moja. Ujenzi wa choo cha diko la samaki. Utekelezaji unaendelea. Waheshimiwa, tunaafiki?"

"Tunaafikiii."

Akageuza ukurasa.

Nilikuwa nimekaa viti vya nyuma kabisa, vile vya plastiki wanavyopewa wananchi wanaokuja kusikiliza, upande ambao pangaboi halifiki. Mbele yangu walikaa wakuu wa idara, kila mmoja na kabrasha lake na chupa ya maji. Pembeni yangu alikaa mama mmoja anayekaanga samaki pale dikoni, mahali vyombo vinaposhushia samaki, amekuja kufuatilia mkopo wa kikundi chao. Aliposikia "choo" aliinua kichwa. Aliposikia "tunaafiki" alinitazama, akacheka kwa puani, akarudi kwenye simu yake.

Kicheko kile kimenikaa kwa wiki kadhaa sasa.

Maana choo hakipo. Hakuna msingi, hakuna tofali, hakuna hata kile kibao cha bati kinachotangulia miradi na kubaki baada ya miradi. Kuna mti mmoja mkubwa wa mkungu, na nyuma ya mkungu kuna mahali ambapo kila mtu pale mjini anapajua na hakuna anayepataja. Wanaume wanajimalizia huko, au nyuma ya mashua zilizopandishwa mchangani kuzibwa kalafati. Akina mama wanaofika kabla ya adhana ya alfajiri kusubiri samaki wanavuka barabara kuomba kwenye nyumba za watu. Wengine hawanywi maji mpaka saa nne asubuhi, na wanakaa mbele ya moto.

Sasa kinachoendelea ni nini?

## Safu ya tatu

Ukishawahi kuhudhuria kikao cha baraza unalijua jedwali la yatokanayo. Safu ya kwanza namba, ya pili azimio la kikao kilichopita, ya tatu utekelezaji. Ni sehemu inayopita haraka kuliko zote, kwa sababu akili za watu ziko kwenye taarifa za kamati zinazofuata na, tuseme ukweli, kwenye chakula cha mchana.

Nilimwendea mtendaji wa kata nikamwomba mihtasari ya nyuma.

"Ya nini tena, kaka?"

"Nataka kusoma habari za choo."

Akacheka, akafungua kabati la chuma, akanipa mafaili mawili na kiti. Sikunyimwa kitu. Naandika hili kwa sababu tumezoea kuandika pale tu tunaponyimwa.

Nilisoma safu ya tatu peke yake, robo baada ya robo. Inakwenda hivi:

"Eneo limeainishwa."

"Mhandisi ameelekezwa kuandaa makadirio."

"Makadirio yameandaliwa, yanasubiri fedha."

"Mradi umeombewa kwenye bajeti ya mwaka ujao wa fedha."

"Mradi umepangwa kutekelezwa kwa mapato ya ndani."

"Idara ya uvuvi inaendelea na mawasiliano na kitengo cha mazingira."

Na kuanzia hapo, kikao hata kikao: "Utekelezaji unaendelea."

Zikisomwa kila baada ya miezi mitatu, kila moja inasikika kama hatua. Zisome kwa mkupuo, unaona gwaride linapiga maktaimu.

Katikati ya mafaili hayo baraza lenyewe lilibadilika. Lile la zamani lilivunjwa kupisha uchaguzi wa Oktoba 2025, uchaguzi wenye simulizi yake ambayo si ya leo. Madiwani wapya walipoapa na kukaa, choo kilikuwa kimeshakaa kitini kinawasubiri.

Kilichonisumbua zaidi ni kwamba niliutafuta uongo humo ndani sikuuona. Eneo kweli liliainishwa, kuna vigingi viwili, kimoja kimeshang'olewa na watoto. Makadirio yapo, nimeyashika. Mawasiliano ya idara na kitengo yapo, barua mbili na dokezo moja. Kila sentensi ni ya kweli na choo hakuna.

## Nilikwenda nikitafuta mwizi

Najua unachowaza, msomaji, kwa sababu ndicho nilichokuwa nawaza mimi. Zimeliwa.

Na si kwamba hatuna sababu ya kuwaza hivyo. Ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mwaka baada ya mwaka, zinarudia habari ya fedha zilizokusanywa kwa mashine za POS na zisifike benki. Kila halmashauri ina hadithi ya mkusanyaji aliyehamia mji mwingine ghafla na mashine. Kwa hiyo mtu akikuambia mradi wa halmashauri haujajengwa, mkono unakwenda wenyewe kwenye neno "ulaji".

Lakini kwenye mradi huu hakuna shilingi iliyowahi kutoka. Hakuna hati ya malipo, hakuna fundi aliyepewa kazi, hakuna zabuni iliyopandishwa kwenye NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni. Fedha ambayo haijatoka hailiki.

Ningefurahi kumpata mwizi. Mwizi ana jina, anakamatwa, mkutano wa hadhara unapata cha kupigia makofi. Mimi nilibaki na mafaili mawili yaliyoandikwa vizuri na watu wanaofanya kazi yao.

Nikamtafuta mzee mmoja aliyestaafu kazi ya mipango katika halmashauri nyingine ya pwani. Nilimweleza yote, nikitegemea atachukua upande wangu na kulaumu. Hakulaumu. Aliniuliza swali ambalo niliona halihusiani.

"Mwaka wa serikali unaanza lini?"

"Julai mosi, mzee."

"Julai mosi bahari ikoje?"

## Julai ni kusi

Watu wa bara wanaosoma hapa wanivumilie kidogo.

Kwetu bahari ina mwaka wake. Kuanzia Aprili au Mei mpaka kama Septemba inavuma kusi: upepo mkali, maji yamechafuka, mashua ndogo na ngalawa zinalala mchangani siku nyingi kuliko zinazotoka. Kisha maleleji, upepo umelegea. Halafu kuanzia Novemba mpaka Machi ni kaskazi, na hapo ndipo diko linachangamka kweli. Ndani ya misimu hiyo kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa pevu, vyombo vya dagaa vinapumzika na wavuvi wanashona nyavu.

Sasa chukua hilo ulilaze juu ya kalenda ya serikali.

Halmashauri yetu ni ndogo. Haina kiwanda cha kuikamua ushuru wa huduma, ile sehemu ndogo ya mauzo inayonenepesha halmashauri zenye makampuni. Ina korosho kidogo, minazi, chumvi, nyumba za wageni chache, na samaki. Ushuru wa samaki ni asilimia ndogo ya bei ya mnada: dalali anataja, mnunuzi anainua kidole, mkusanyaji anabonyeza mashine, karatasi inatoka. Bahari ikiwa mbaya hakuna mnada. Pasipo mnada hakuna karatasi.

Bajeti inafunguliwa Julai, kusi ikiwa imeshika. Robo ya kwanza, Julai mpaka Septemba, taarifa ya mapato inakuja barazani chini ya lengo. Inakuja hivyo kila mwaka na kila mwaka inapokelewa kwa mshangao. Madiwani wanang'aka, mweka hazina anajieleza, Mkurugenzi anaahidi kuongeza udhibiti wa vyanzo. Na kwa kuwa makusanyo ni madogo, kinachotoka kwanza ni kile kisichosubiri: mafuta ya magari, umeme wa ofisi, posho za vikao, madeni ya mwaka uliopita. Miradi ya mapato ya ndani inaambiwa isubiri.

Kaskazi inaingia. Fedha zinaanza kuonekana Desemba, Januari. Lakini hapo ndipo idara zimeshafungiwa kwenye maandalizi ya bajeti ya mwaka unaofuata, ukomo wa bajeti umeshafika kutoka juu, wakuu wa idara hawatoki Dodoma. Halafu zile fedha zenyewe zina wenyewe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa sheria iliyorekebishwa 2018, ni mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nne kwa nne kwa mbili. Kwa halmashauri za mapato madogo kama yetu mwongozo unataka asilimia 40 ziende kwenye miradi ya maendeleo, na humo ndani kuna maboma ya madarasa na zahanati ambayo wananchi wameshayainua kwa nguvu zao na serikali imeahidi kuyaezeka. Mkuu wa wilaya anayauliza kila anapopita. Choo cha diko hakina anayekiuliza anapopita.

Kufika Machi mhandisi anapata nafasi. Aprili masika inaanza, kusi inarudi. Juni vitabu vinafungwa.

"Kwa hiyo," mzee akasema, "mradi wako unazaliwa Julai, unakufa Juni, unazaliwa tena. Hakuna aliyeuua."

Nilimuuliza kwa nini basi halmashauri za pwani zisipange fedha zao kwa kufuata bahari: robo ya kwanza ipewe lengo dogo, ya pili na ya tatu kubwa, na ununuzi ukae tayari Novemba ili fedha ikiingia ikute fundi anasubiri. Akasema walijaribu kwake. Malengo yaligawanywa kwa nne sawasawa kwa sababu ndivyo fomu ilivyotaka, na aliyepeleka robo ya kwanza ndogo aliulizwa kwa nini halmashauri yake ni mvivu.

Sijui kama ndivyo ilivyo kila mahali. Lakini siku hizi nikisikia "robo ya kwanza hatukufikia lengo" natazama nje nione majani ya minazi yanaelekea wapi.

## Mita 60

Nilidhani nimepata jibu. Fedha na upepo. Nikaanza hata kuandika makala hii, ikiwa fupi zaidi na yenye hasira zaidi.

Kisha nikarudi kwenye ile sentensi moja ya safu ya tatu, ya uvuvi na mazingira, iliyotokea kikao kimoja tu ikapotea. Nikaenda kuuliza.

Kitengo cha mazingira wakaniambia kitu ambacho hakijaandikwa kwenye jedwali lolote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari. Eneo lililoainishwa, lile la vigingi viwili, liko ndani ya mita 60.

Bila shaka liko ndani ya mita 60. Ni diko.

Diko lote liko ndani ya mita 60. Diko ni pale chombo kinapogusa mchanga. Ukilipeleka mita 61 umepata soko, na samaki watabebwa kichwani kulifikia.

Simlaumu afisa aliyeniambia. Sheria ile ina maana, na pwani yetu ingekuwa imeshakwisha kama isingekuwepo. Na choo kwenye mchanga si jambo la mzaha. Chimba shimo pale dikoni wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, utaliona kavu. Njoo bamvua, bahari ikijaa sana, maji yanapanda kutoka chini, na kilichomo shimoni kinaelea. Mvua kubwa moja, kimefika baharini, mahali palepale akina mama wanapooshea samaki. Mtu wa mazingira anayesita kuweka sahihi anasita kwa haki.

(Kuhusu ule ukuta wa nyumba ya wageni uliojengwa upande wa pili wa ghuba, ambao maji ya bamvua yanaupiga hodi, nitasema siku nyingine. Niliuliza. Niliambiwa utekelezaji wa zuio unaendelea.)

Lakini tazama jambo hili lilivyokaa. Kitengo cha mazingira hakikuandika "hapana". Kiliandika kwamba utaratibu wa kibali ufuatwe. Idara ya uvuvi haikuomba kibali, kwa sababu kuomba kibali kunahitaji mchoro mwingine, wenye tangi lililozibwa na gari la kunyonya, na mchoro mwingine unahitaji makadirio mengine, na makadirio mengine yangezidi fungu. Mhandisi alikuwa na makadirio ya choo cha shimo. Mchumi alikuwa na fungu la choo cha shimo. Kila mtu alikuwa na kipande cha jambo kinachomruhusu kusubiri kipande cha mwenzake.

Na juu ya yote hayo baraza, chombo pekee chenye mamlaka ya kuwaita wote meza moja na kuwaambia "kinajengwa au hakijengwi", linasomewa maneno mawili na kuafiki.

## Heri wangekataa

Hapo ndipo nilipofikia msimamo ambao bado ninao, ingawa umeshapigwa ngumi mara kadhaa, kama utakavyoona.

Baraza letu lina ugonjwa wa kutokataa. Chukua faili lolote utafute ombi la kata lililokataliwa waziwazi, kwa sababu, kwenye muhtasari. Utakesha. Kila ombi linapokelewa, linachukuliwa, linafanyiwa kazi, linawekwa kwenye mpango. Halafu uamuzi wa kweli, wa kipi kifanyike na kipi kisifanyike, unafanyika kimyakimya mbali na ukumbi ule, fedha zinapokuwa chache na mtu mmoja ofisini anapolazimika kuchagua hati ipi isainiwe wiki hiyo. Mtu huyo hakuchaguliwa na yeyote, na wala hataki madaraka hayo. Ameachiwa na wale ambao hawakutaka kusema hapana.

Namwelewa diwani. Akirudi kwenye kata yake na "limekataliwa", kashindwa. Akirudi na "linaendelea", bado anapigana. Na mwenyekiti akiruhusu ombi la mwenzake likatwe leo, kesho la kwake litakatwa. Katika mji wa ukubwa wetu watu wanakutana msikitini, wanakutana msibani, wameoleana. Nani aamke asubuhi amkatalie shemeji yake mbele ya kipaza sauti?

Na kuna historia nyuma yake. Mabaraza haya yaliwahi kufutwa kabisa, 1972, yakarudi mijini 1978 na vijijini 1984 baada ya sheria za 1982. Tangu yarudi yamekuwa yakipunguziwa mikono. Kodi ya maendeleo ilifutwa 2003. Kodi ya majengo ikaenda TRA, mamlaka ya mapato, 2016, na tangu 2021 tunaikatwa kwenye LUKU tukinunua umeme. Barabara zikaenda TARURA 2017, maji vijijini yakaenda RUWASA 2019. Baadhi ya hayo yalikuwa ya lazima, na mimi mwenyewe siikumbuki kwa hamu ile kodi ya kichwa iliyowafanya baba zetu wakimbilie mikokoni wakiona mgambo. Ila chombo kinachobakiwa na machache ya kuamua kinasahau namna ya kuamua. Kinabaki kupokea taarifa.

Wakati huohuo kila hotuba ina uchumi wa buluu, yaani wa bahari, ndani yake. Uchumi wa buluu wa mji wetu unaingia kwa mkono wa mama aliyeamka saa tisa usiku, na hana pa kujisaidia.

## Mama akanikatalia

Nilimpelekea hoja yangu yule mama wa viti vya nyuma. Nilimkuta mchana, mafuta yameshapoa, anapanga vipande vya nguru kwenye beseni la plastiki na kuvifunika kwa karatasi ya mfuko wa unga. Nikamwambia ninataka kuandika kwamba heri baraza likatae choo waziwazi kuliko kuendelea kukiandika hivi.

Hakuacha kupanga.

"Mwanangu, kikikataliwa kitafutwa. Kikifutwa kwenye karatasi yao, nani atasema kiliwahi kuombwa? Wewe? Wewe unaandika kwenye simu."

Nikamwambia walau wangejua.

"Kujua tunajua. Unadhani sisi tunasubiri kikao kutuambia choo hakipo?"

Kisha akanisimulia habari ya chumba cha barafu. Miaka ya nyuma kikundi chao na cha wavuvi waliomba chumba cha kuhifadhia samaki, kwa kuwa samaki wa jioni wanawaozea na walanguzi wanajua, wanasubiri bei ishuke. Ombi lile, yeye anakumbuka vizuri, lilikataliwa. Mkurugenzi wa wakati huo alifika mwenyewe dikoni, akasimama juu ya kreti, akasema halmashauri haina uwezo huo na haitakuwa nao karibuni. "Na kweli halikurudi tena mpaka leo. Lilikufa pale pale juu ya kreti."

Nikauliza wakafanyaje.

"Tukachangishana. Tukanunua majokofu ya mitumba, mawili. Moja linafanya kazi."

Alinisimulia kama hadithi ya kudhulumiwa. Mimi nikaisikia vingine: walipoambiwa hapana walijua wasimame wapi, na ndani ya msimu mmoja walikuwa na barafu yao. Choo, ambacho hakijawahi kukataliwa, hawajakichangia hata senti, kwa sababu nani achangie kitu ambacho serikali inaendelea nacho? Nilimwambia hivyo.

Akanitazama kwa huruma fulani. "Kwa hiyo unataka na choo tujijengee. Na ushuru tuwape."

Sikuwa na jibu zuri. Bado sina. Yuko sahihi kwamba ombi lililomo kwenye jedwali linambana mtu, hata kidogo, hata mara moja kwa robo, hata kwa aibu ya kulisoma kwa sauti. Kuna siku atakuja mwenyekiti mwenye hasira au mkaguzi mdadisi, akauliza, na namba kumi na moja itakuwepo ya kuulizwa. Bila jedwali hakuna hata pa kuanzia. Mimi mwenyewe nisingekuwa na makala hii.

Ninachokishikilia ni kidogo kuliko nilichoanza nacho. Ombi liendelee kuandikwa. Lakini safu ya tatu iwe na cheo cha mtu, tarehe, na kizuizi kinachotajwa kwa jina lake: fedha, au mita 60, au mchoro. "Kinasubiri maombi ya kibali kutoka kwa afisa uvuvi" ni sentensi fupi. Ingesomwa barazani, afisa uvuvi angeinuka. Angekuwa na la kusema, nina uhakika, na pengine lingekuwa la maana. Angetaja mchoro, mhandisi naye angeinuka. Kwa dakika kumi mji ungekuwa na baraza.

Mama alikubali nusu. "Hayo waandike," akasema. "Ila wasifute."

## Barua

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kumjibu mwombaji. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaipeleka masijala, nikagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Ukipeleka barua ya namna hii usiondoke bila muhuri. Dada wa masijala aliisoma yote mbele yangu, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba shangazi yake anauza dagaa pale.

Niliuliza mambo matatu. Je, mradi una fungu kwenye mwaka huu wa fedha? Je, maombi ya kibali cha kujenga ndani ya mita 60 yameshapelekwa? Kama bado, nani atayapeleka na lini?

Jibu lilikuja ndani ya muda, kwenye karatasi yenye nembo, lugha ya heshima. La kwanza: ndiyo, mradi una fungu, chini ya mapato ya ndani, kutegemea makusanyo. La pili: maombi hayajapelekwa, kwa kuwa mchoro unapitiwa upya. Wametaja pia eneo mbadala, kiwanja cha halmashauri ng'ambo ya barabara, karibu na ghala la zamani, ambako hakuhitajiki kibali hicho. Niliwauliza akina mama watatu. Wawili walisema ni mbali kuacha samaki peke yao usiku, mmoja akasema mbali ni Mafia, hapo ni hapo, wajenge.

Nilifurahi kupata majibu yale kuliko nilivyotegemea. Kumbe mchoro unapitiwa upya! Kumbe kuna eneo mbadala! Mambo hayo mawili yangeweza kujadiliwa na madiwani wenye akili zao timamu kwa nusu saa, na hakuna hata moja lililomo kwenye kabrasha.

Swali la tatu halikujibiwa. Nimeandika barua ya pili yenye swali hilo peke yake, na nakala nimempelekea diwani wetu, ambaye ameniomba nimpe na ile ya kwanza.